Bwana Khiem, Kamera Yake na Uso wa Bi Sau

Katika mwaka wake wa kwanza wa kupiga picha, Bwana Khiem alipiga picha elfu arobaini na moja. Elfu thelathini na moja kati ya hizo zilikuwa za mayungiyungi. Zilizobaki ziligawanyika kati ya machweo, korongo mweupe asiyetulia, migongo ya watu waliovaa kofia za majani, na kidole gumba chake mwenyewe, ambacho kwa miezi miwili ya mwanzo kilikuwa hakikosi. Mama mkwe wake, aliyeishi naye nyumba moja na aliyemwomba picha moja tu, hakuwemo hata kwenye moja. Hakuwemo mpaka mwezi wa kumi na moja, na ilipofika hapo, heri asingekuwemo.

Tusimwonee, alianza kwa nia njema. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa mpima maji wa mifereji. Kila asubuhi aliinama ukingoni, akasoma kipimo, akaandika namba, akarudi nyumbani. Alipostaafu hakuwa na cha kusoma wala cha kuandika, akawa anashinda jikoni akimwambia mkewe, Nhan, kwamba maji ya sufuria yamezidi. Binti yao Thuy, aliye kiwandani Japani, akaona amwokoe mama yake. Akatuma kamera.

Wiki ya pili Bwana Khiem alikuwa amekwisha kupata kizibao chenye mifuko kumi na minane, na ndani ya mifuko hiyo yote alibeba kitambaa cha kufutia lenzi na peremende tatu. Wiki ya tatu akajiunga na Klabu ya Nuru ya Alfajiri pale mjini Sa Dec, wastaafu watupu: daktari wa meno, maofisa wawili wa kodi, mhasibu mmoja mwenye kikohozi, na wengine wa aina hiyo. Mkuu wao aliitwa Mwalimu Quyen. Hakuwahi kufundisha shule yoyote, maisha yake yote aliuza pampu za maji. Lakini aliwahi kupata cheti katika mashindano ya mkoa, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina tupu.

Mwalimu Quyen alifundisha kwamba picha lazima iwe na nafsi. Nafsi hupatikana kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja, baada ya hapo inakuwa imeshaondoka. Moshi huongeza nafsi, ukungu nao pia. Mtu akiitazama kamera, nafsi inakufa. Akitabasamu, inazikwa. Wanaume wale, ambao walikuwa wameendesha ofisi na kutoza watu faini, waliyaandika maneno hayo kwenye daftari kama watoto wa darasa la kwanza.

Na nafsi ile haikuja bure. Umande ulinyunyizwa na chupa ya kupigia pasi. Asali ilipakwa katikati ya ua ili nyuki asipitilize. Bi Nhan, mwenye miaka hamsini na minane na magoti yanayolia akiinama, alivishwa nguo nyeupe, akapewa mtumbwi, akaambiwa apite katikati ya mayungiyungi kama msichana anayerudi nyumbani. Alipita mara ishirini na sita. Safari ya ishirini na saba aliegesha kasia akauliza, "Baba Thuy, huyu msichana anarudi nyumbani mara ngapi? Kwao hawamtaki?"

Baada ya hapo klabu ikaona ni salama zaidi kutumia watu wa kukodi. Walikuwa na kikongwe wao, Bi Lai, aliyesuka mikeka ng'ambo ya mto. Alikuwa na mikunjo ya uso ambayo Mwalimu Quyen aliisifia kama mtu anavyosifia shamba. Kila Jumapili wanaume ishirini walimzunguka wakipiga goti, na Bi Lai, aliyekuwa ameizoea kazi kuliko wao, aliwaelekeza asichoke bure: wewe mwenye lenzi nene rudi nyuma, wewe mwenye kikohozi subiri moshi upungue, nyie wa kushoto jua liko nyuma yangu mtanitoa mweusi. Wakamaliza, wakamshukuru, wakaenda kunywa kahawa ya barafu na kuzungumzia heshima kwa wazee.

Wakati huohuo nyumbani kwa Bwana Khiem kulikuwa na mzee anayengoja.

Bi Sau, mama yake Nhan, alikuwa na miaka themanini na minne, mwili mdogo, ulimi mkali, na katika karata za rangi nne hapakuwa na mtu mtaani aliyemweza. Kifo chake alikuwa amekiandalia kama wengine wanavyoandaa harusi. Kaburi lilikuwa limeshajengwa bustanini, ubavuni mwa la marehemu mumewe, na kwa kuwa lilipata jua zuri, kwa sasa alianikia pilipili juu yake. Ao dai, ile kanzu ndefu ya heshima, ya mahameli ya zambarau, ilikuwa imekunjwa kabatini. Kilichobaki ni picha tu ya kuwekwa kwenye madhabahu ya nyumbani, wanapofukiziwa udi marehemu.

Jambo hilo si la mzaha. Wasiojiandaa, siku ya msiba familia hukimbilia dukani na kitambulisho. Mwenye duka hukata kichwa, hukibandika juu ya mwili ulio tayari ndani ya kompyuta, umevaa ao dai na mkufu wa lulu. Ukipita nyumba kwa nyumba kandokando ya mfereji wetu utakuta mabibi labda kumi na saba wanaochangia mwili mmoja. Bi Sau alikuwa amewahesabu.

Kwa hiyo mwezi wa tatu, alipoona mkwewe ana kamera inayomlemea shingo, alimwita akamkalisha chini ya madhabahu, ambapo mumewe alikuwa akiwatazama toka kwenye fremu.

"Khiem mwanangu, huyu baba yuko pale juu tangu ana miaka thelathini na minane. Nywele zimepakwa mafuta, shati limepigwa pasi. Mimi nitakaa kando yake miaka mia. Siwezi kwenda na sura ya kitambulisho, watu wakija kuwasha udi watauliza huyu bibi alikamatwa kwa kosa gani. Nipige vizuri. Meno ninayo, nguo ninayo, nywele ziko kiasi. Nakungoja wewe tu."

Bwana Khiem aliahidi, na aliahidi kwa moyo. Lakini mwezi wa tatu mwanga ulikuwa mkali mno. Wa nne alikuwa anangoja lenzi mpya. Wa sita mvua. Lenzi ilipofika mwezi wa nane ilikuwa ndefu kiasi kwamba ili kichwa cha Bi Sau kitoshe ndani ya picha, ilibidi mpigaji asimame ng'ambo ya mfereji, na ng'ambo ya mfereji kuna mbwa. Kila mara bibi yule aliuliza bila kulalamika, kila mara akajibiwa kitaalamu, akarudi kwenye karata zake.

Mwezi wa kumi na moja ukumbi wa utamaduni ukatangaza mashindano, mada ikiwa uzee. Klabu nzima ilikimbilia kwa Bi Lai na kumkuta ametia nywele rangi ya kahawia na kuzikunja mawimbi kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Mwalimu Quyen alikaa chini kama aliyefiwa. Wanaume wale walirudi kwenye kivuko, kila mmoja akijiuliza atampata wapi mzee katika mkoa uliojaa wazee. Bwana Khiem ndiye aliyekumbuka kwanza kwamba anaye mmoja nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alimwambia Bi Sau kwamba leo ndiyo leo. Bibi aliondoka mbio, akarudi ndani ya zambarau, nywele zimechanwa na kubanwa, meno mdomoni, na rangi kidogo midomoni aliyoipata kwa bintiye. Bwana Khiem akamwambia amependeza sana, ila kwanza wajaribu mwanga. Ili kujaribu mwanga ilifaa avue ile nguo, avae shati la zamani la kulimia. Avue na meno. Achuchumae jikoni nyuma mbele ya jiko la udongo, ambalo halikuwa limewashwa tangu walipoanza kupikia gesi. Bwana Khiem akatia makumbi mabichi. Moshi ukajaa, mwale wa jua ukapenya tundu la bati ukatua palepale unapotakiwa, Bi Sau akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Bwana Khiem akabonyeza mara mia mbili na kumi na nne. Hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo tangu azaliwe.

Kisha akakimbilia kompyuta. Na hili ndilo siwezi kumsamehe kirahisi: Bi Sau alinawa uso, akarudisha meno, akavaa tena zambarau yake, akaenda kukaa kwenye kiti cha sebuleni mikono magotini. Alikaa hivyo hadi chakula cha mchana. Nhan alipomwita kula alisema asubiriwe kidogo, Khiem bado anapima mwanga.

Picha ilishika nafasi ya kwanza. Ilikuzwa ikawa kubwa kuliko mlango, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu nyeusi, ikatundikwa mbele ukumbini. Chini yake paliwekwa kikaratasi kilichoandikwa "Upweke wa Jioni". Jioni yenyewe ilikuwa saa moja asubuhi, na upweke huo uliishi nyumba moja na binti na mkwe, lakini sanaa haiulizwi maswali hayo. Kwa kuwa ni sherehe, wafadhili wakaleta vyungu viwili vya krisanthemu za njano, maua ambayo kwetu huwekwa pia misibani, navyo vikapangwa chini ya picha, kimoja kulia na kingine kushoto.

Sasa niambieni nyinyi: mwanamke ametoka sokoni na mzigo wa mchicha, anachungulia ukumbini, anamwona jirani yake wa miaka themanini na minne, mweusi na mweupe, ndani ya fremu nyeusi, kati ya krisanthemu za njano. Atasimama kusoma kikaratasi? Kufika saa nne mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Bi Sau ametutoka. Wa kwanza kufika nyumbani alikuwa Bi Muoi, mpinzani wake wa karata wa miaka thelathini, amebeba furushi la udi na mabalungi mawili, analia kwa sauti tangu kwenye daraja. Nyuma yake walifuata majirani na bahasha zao nyeupe za rambirambi, na nyuma ya hao mpiga zumari wa misibani, aliyetaka kujua jukwaa lijengwe upande gani.

Bi Sau alikuwa kibarazani anachambua karata.

Bi Muoi aliganda kwenye ngazi, balungi likamponyoka likabingirika mpaka miguuni mwa marehemu. "Nimelia njia nzima," alisema, karibu kwa hasira.

"Umefanya vizuri, dada," alijibu Bi Sau. "Hayo yahesabike. Siku yenyewe sitakudai tena." Akaokota balungi. "Keti. Hili tamu?"

Walicheka mpaka mpiga zumari naye akakaa kucheza mkono mmoja. Lakini ilipoelezwa picha ilivyo, jirani mmoja alimvuta Nhan pembeni, akamuuliza kwa upole kama siku hizi mama anapata chakula cha kutosha. Bi Sau alisikia. Akaweka karata chini, akaomba apelekwe ukumbini.

Alipanda pikipiki nyuma ya bintiye. Bwana Khiem alikuwa ukumbini na kizibao chake, anapokea pongezi za maofisa wa kodi. Aliwaona wanaingia, akatabasamu, kisha akaacha. Bibi yule alisimama mbele ya uso wake mwenyewe, uliokuwa mkubwa kumshinda yeye mzima, mdomo umeporomoka ndani, kamasi inang'aa. Alitazama muda mrefu.

"Hii ndiyo itakayokaa kando yake?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hii si ya madhabahu. Hii ni sanaa."

"Basi hiyo sanaa nayo ina mama yake. Iende ikamvue meno." Alisema polepole, wala hakupaza sauti, na hapo ndipo Bwana Khiem alipoanza kuogopa. "Nilifiwa nikiwa na miaka thelathini na mitano, Khiem. Watoto wanne. Miaka arobaini na tisa namwekea yule mwanamume wali madhabahuni kila siku, na kila siku yeye ni kijana na mimi nazeeka. Nilitaka siku nikikaa pale anitambue. Huyu hapa atamtambua kwa lipi?"

Aligeuka, akarudi kwenye pikipiki ya bintiye.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba Bwana Khiem alipanda kiti papo hapo akaishusha picha. Hakufanya hivyo. Asubuhi ileile alikuwa ameambiwa kwamba mkoa umeichagua kwa maonyesho, na kwamba ikienda huko atapewa kadi ya uanachama kamili, ambayo ina neno "msanii" kwa herufi nyekundu. Mtu aliyeandika urefu wa maji kwa miaka thelathini na mitano hawezi kupuuza neno kama hilo. Alijiambia mama atasahau, wazee husahau. Alinunua keki za ndizi. Bi Sau alizipokea, akashukuru, akazigawa kwa majirani.

Siku ya nne Nhan alimkuta anafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

"Baba Thuy, Bi Muoi amekuja mara tatu, mama amekataa karata. Ile zambarau ameitoa kabatini, amenipa mimi. Amesema nikipenda nishone foronya."

Alipolisikia hilo, aliiweka lenzi chini. Aliwasha pikipiki bila kizibao, akaenda ukumbini, akapanda kiti cha plastiki, akaitungua picha kwa mikono yake. Mwalimu Quyen aliitwa, akaja na ndala. Alimwambia anautupa mwaka wake mzima, hakuna mwanachama aliyewahi kupata kitu kama kile, na akina mama mkwe huwa hawaelewi. Bwana Khiem alikubaliana naye kwa kila neno, akaifunga picha kwa mkeka, akaondoka nayo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko kumpiga picha yule korongo. Bi Sau alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, mara ya tatu akadai zambarau yake kwa Nhan, akasema atakaa, lakini yeye ndiye atakayesema jinsi ya kukaa. Ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini, nafsi zote zimeshakwenda kulala. Aliagiza pazia jekundu nyuma yake, na likanyooshwa. Alitaka taa ya kamera iwake, ikawashwa. Alitaka awe katikati kabisa, uso mbele, mabega sawa, na mkufu aliouvaa uonekane wote. Kila alichokiagiza kilikuwa dhambi katika daftari la Bwana Khiem.

Kisha akaitazama kamera. Bwana Khiem alikuwa amejificha nyuma ya kioo kile mwaka mzima na hakuna aliyewahi kumtazama hivyo toka upande wa pili. Aliona mwanamke aliyejipamba kwenda kuonana na mumewe, na aliona ana wasiwasi kidogo, kama yeyote aliyechelewa sana. Alijionea haya. Akaegemea kabati. Alibonyeza mara tatu. Bi Sau akavaa miwani, akaangalia zote, akachagua ya pili, akasema ya tatu anaonekana mwenye kiburi. Jioni ile alimfunga Bi Muoi mikono sita mfululizo.

Kabla ya Tet, mwaka mpya wetu, klabu hufanya mkutano wake, ambapo kila aliyetimiza mwaka husimama mbele ya wenzake na picha kumi na mbili, akaeleza amejifunza nini. Mhasibu alionyesha machweo kumi na mbili. Bwana Khiem alionyesha picha moja. Bi Sau aliwatokea ukutani, zambarau juu ya nyekundu, meno yote, mkufu wote, macho yamewakazia wanaume ishirini kama wamekanyaga pilipili zake.

Wakaanza kukosoa. Mwanga bapa. Pazia linapiga kelele. Amewekwa katikati kama mhuri. Daktari wa meno alikiri kwamba meno yametoka vizuri. Mwalimu Quyen alieleza kwa huzuni jinsi mwenye kipaji anavyoweza kurudi nyuma, akauliza mwenzetu amejifunza nini hasa kwa mwaka mzima. Bwana Khiem alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa mbili. Alisema tu kwamba amejifunza kuwauliza watu wanatakaje, akakaa.

Mkutano ulipokwisha alikwenda kwenye maegesho kuchukua pikipiki yake, akasikia ndala nyuma yake. Mwalimu Quyen alisimama kando ya usukani, akachezea kioo cha pembeni, akakigeuza huku na huku bila sababu.

"Ulikuja msibani kwangu mwezi wa tisa," alisema. "Uliona picha tuliyomwekea mama yangu."

Bwana Khiem aliiona. Ilikuwa ya kitambulisho.

"Nilimpiga picha kwa miaka kumi, bwana. Kile cheti ni mikono yake, anamenya kitunguu. Mikono ninayo mia tisa, na mgongo, na kivuli chake mlangoni. Siku ile wanangu wananingoja, nilikaa kwenye kompyuta asubuhi hadi jioni natafuta uso wake. Haumo."

Bwana Khiem alikigeuza kile kioo cha pembeni kikamwelekea. Alibaki amemshikia mpaka Mwalimu Quyen alipomaliza kujifuta macho.